Rimu Mbili za Morris

Muchiri alikuwa mtu wa vipimo. Miaka thelathini na moja alikaa katika ofisi ya ardhi akikokotoa mipaka ya mashamba ya watu, na hata baada ya kustaafu hakuweza kuingia nyumba ya mtu bila kukadiria upana wa mlango. Kwa hiyo Jumatatu ile, siku tano kabla ya harusi ya binti yake Kui, rimu ya mbele ya Morris Minor yake ilipopasuka kwenye shimo la barabara ya Ngong, hakulaani wala hakushika kichwa. Alipiga magoti kando ya lami na suruali yake ya kwendea benki, akaupima ufa kwa vidole. Vidole vitatu. Akajua hapo pana kazi.

Gari lenyewe lilikuwa la mwaka wa hamsini na nane, rangi ya maziwa, na ndilo lililomleta Kui nyumbani Woodley siku alipotoka hospitali na mama yake, akiwa amefungwa shali nne. Katika mkutano wa kwanza wa kamati ya harusi, mbele ya wakwe na mbele ya mchungaji, Muchiri alisimama akatangaza kwamba gari lililomleta ndilo litakalompeleka. Watu walipiga makofi. Mjomba mmoja alikuwa amejitolea Mercedes, akaambiwa mbele ya wote aiweke tu. Sasa, ukishamwambia mwenye Mercedes aiweke, utarudi kwake na uso gani kumwambia Morris imekalia mawe? Hilo ndilo lililomkosesha Muchiri usingizi, na tusimpambe: hakuwa akimwaza Kui, ambaye angeenda kanisani hata kwa mkokoteni mradi bwana harusi awepo. Alikuwa akiyawaza yale makofi.

Fundi wake aliitwa Norman, mwenye gereji ya mabati pale Waithaka, mtu wa maneno machache na mikono mizito. Norman alizifungua rimu zote nne, akazilaza chini, akazigonga moja moja kwa spana akisikiliza.

"Hii ya mbele imeisha, mzee. Na hii ya nyuma ni jina tu." Aliichokoa kwa bisibisi, kutu ikadondoka vipande. "Unataka mbili."

"Si kuna ya akiba?"

"Ya akiba ndiyo hii ya nyuma. Tulibadilisha mwaka jana, ama umesahau?"

Muchiri alikuwa amesahau. Norman akaingia ndani akatoka na rimu ya Corolla, matundu manne, saizi ile ile kwa macho. Waliiweka. Nati ziliingia, lakini ziliingia zimeinama upande, na Muchiri hakupenda namna zilivyoinama. Akatoa rula yake ya chuma mfukoni, ambayo hakuwahi kutoka nyumbani bila hiyo, akapima tundu hadi tundu linaloikabili. Ya Morris ilikuwa inchi nne kamili. Ya Corolla ilikuwa milimita mia moja, yaani pungufu kwa milimita moja na nusu na kitu.

"Itakaza," Norman alisema, "lakini itakuwa ikijilegeza polepole. Utafika Kawangware, halafu gurudumu litangulie kanisani."

Muchiri hakucheka. Katika kazi yake alikuwa ameona ndugu wa tumbo moja wakipelekana kortini kwa futi moja ya ua, sembuse milimita zinazobeba bibi harusi. Inchi ni inchi. Alizitaka za Morris.

Na Morris nyingine ya namna hiyo iliyokuwa bado ikitembea, alijua moja tu. Ilikuwa ya Sista Selpher wa Kinoo, nesi mstaafu, mtu wa kutoka upande wa Kakamega aliyehamia Nairobi akiwa msichana wa kazi ya hospitali. Walijuana kwa sababu ya magari. Miaka sita nyuma walikutana kwenye kituo cha petroli, Morris mbili zimekaribiana mdomo kwa mdomo, wakacheka, na tangu siku hiyo walikuwa wakipeana mikanda ya feni na simu za mafundi. Jumanne asubuhi Muchiri akapanda gari la abiria hadi Kinoo, akapokelewa kwa chai na mkate wa siagi.

"Baba Kui, ningekuwa nazo ningekupa bila hata kuomba," Selpher alisema aliposikia haja yake. "Lakini niko na moja tu ya ziada, na unajua hali ya Mzee."

Mumewe, Mwalimu Zedekiah, alikuwa na figo zilizokwisha. Kila Jumatatu na kila Alhamisi Selpher alimwamsha saa kumi na moja, akampakia kwenye Morris, akamfikisha hospitalini kabla ya saa kumi na mbili ili damu yake isafishwe kwa mashine. Miaka mitatu sasa.

"Ni za Jumamosi peke yake," Muchiri alisihi. "Rimu mbili. Jumapili nazirudisha mwenyewe."

"Mwezi jana alizidiwa Jumamosi. Pumzi ikakatika hapa hapa kwa kiti. Kama gari lingekuwa limekaa bila magurudumu, ningefanya aje?" Alimwekea mkono begani. "Nisamehe, Baba Kui. Hiyo siwezi."

Muchiri alisema anaelewa, na kwa kweli alielewa. Lakini kutoka hapo hadi barabarani alikuwa akikokotoa kichwani: Jumamosi moja, saa nne hadi saa kumi, ni saa sita tu, mtu azidiwe saa hizo hizo? Alikasirika, tena alijua hana haki ya kukasirika, jambo ambalo humkasirisha mtu zaidi.

Jumatano alishinda mjini. Aliitia ile rimu iliyopasuka kwenye gunia, akashuka nayo hadi Barabara ya Kirinyaga, mtaa wa vipuri, na duka kwa duka aliulizwa neno moja, "Uko na sample?" Alikuwa nayo. Aliitoa, ikageuzwa, ikatazamwa nyuma palipokuwa na herufi zilizopigwa kwa chuma na kuliwa nusu, ikarudishwa. Mmoja alimwambia aende makumbusho. Mwingine alimletea rimu ya Datsun na kuapa kwa mama yake kwamba ni ya Morris, hadi rula ilipotoka mfukoni. Kufikia saa tisa gunia lilikuwa limemkata bega, na viatu vyake vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya mtaa ule.

Hapo ndipo alipomfikia mtu aliyeitwa Quincy. Hakuwa na duka. Alikuwa broka, mtu mzima wa makamo mwenye jaketi la ngozi na simu mbili, asimamaye nje ya maduka ya wenzake, asiye na chochote ila maneno. Aliitazama rimu kwa muda mrefu kuliko wengine wote, na hilo lilimpa Muchiri moyo.

"Hii ni ngumu, mzee, sitakudanganya. Hii kitu haiko kwa duka yoyote hapa. Lakini hakuna kitu haipatikani Nairobi. Ni kujua tu iko wapi." Aliirudisha kwenye gunia kwa adabu. "Kwani gari kama yako iko ingine unajua? Nione vile rimu yake inakaa ikiwa mzima. Hii yako imeisha sura."

Mtu mwingine angesema ndiyo, ipo moja huko Kinoo, basi. Lakini Muchiri alikuwa mtu wa vipimo.

"Kinoo," alisema. "Ukishuka steji, shika njia ya kulia ya murram. Mita mia mbili hivi. Geti la kijani, upande wa kushoto, kufuli lake halishiki vizuri. Imeegeshwa chini ya paa la mabati, rangi ya majivu. Lakini mwenyewe hauzi. Mimi nimemwomba jana akakataa."

"Hauzi," Quincy alirudia.

"Ana mgonjwa. Hawezi kuuza."

"Sawa, mzee. Wewe relax, hiyo niachie." Aliandika namba ya Muchiri kwenye simu. "Na ni mbili tu unataka, si ndiyo?"

"Mbili tu."

Kulikuwa na kitambo kidogo pale, kati ya neno hilo na kupeana mikono, ambapo Muchiri aliona kitu na akaamua hajakiona. Alijiambia kwamba huyu ni mfanyabiashara, ana ulimi, ataenda kumbembeleza Selpher vizuri kuliko alivyombembeleza yeye. Pengine anajua mtu Nakuru. Pengine anataka kuona sura ya rimu tu, kama alivyosema. Alijiambia mengi. Alipofika nyumbani, mkewe Waceke alimuuliza imekuwaje, akajibu kuna mtu anatafuta.

Alhamisi saa sita simu ililia. Saa saba Muchiri alikuwa mjini, na Quincy akamfunulia karatasi ya gazeti: rimu mbili, nzima, zimenyooka, zimepakwa rangi ya fedha. Akatoa rula. Inchi nne. Alizipapasa kwa furaha, kisha akagundua kwamba rangi ilikuwa ikinata vidoleni.

"Umezipata wapi?"

"Mzee," Quincy alisema kwa upole, "wewe ulitaka rimu ama stori?"

Muchiri alitaka rimu. Alilipa, akazipeleka Waithaka, na Norman akaanza kuvalisha tairi. Ile ya pili ilipokuwa chini ya chuma cha kubandulia, rangi ilikwaruzika kwa ndani, na Norman akasimama. Akafuta kwa tambara lenye petroli. Herufi zikatokea moja moja, zimechongwa kwa patasi kama watu wa mji huu wanavyochonga namba za magari yao kwenye vioo na taa, wakitumaini mwizi ataona haya: KFN 412.

"Hii namba unaijua, mzee?"

"Hapana."

Lilikuwa jibu la kweli kwa nusu. Miaka sita alikuwa ameiona Morris ile ya rangi ya majivu, akapima kwa macho kila kitu chake, na namba yake hakuwahi kuishika kichwani. Norman alimtazama kidogo, akatazama rimu.

"Nipake juu?"

"Paka," Muchiri alisema.

Jioni ile Waceke aliizunguka Morris mara mbili ikiwa imesimama kwa miguu yake uani Woodley, akaisifu, akaanza kupima utepe wa kufunga mbele. Kui mwenyewe alipita na mabegi ya saluni, akambusu baba yake shavuni. Muchiri alikula vizuri. Alijilazimisha kula vizuri.

Simu ya Selpher ilikuja Ijumaa saa mbili asubuhi. Sauti yake ilikuwa imechoka hadi imekauka.

"Baba Kui, nisamehe kukusumbua kesho ni harusi. Wametuibia. Usiku wa kuamkia jana. Nimeamka saa kumi na moja nimpakie Mzee, nakuta gari limekaa juu ya mawe, rimu mbili hakuna. Kabla nipate teksi, kufika hospitali, nafasi yake imepewa mtu mwingine. Wametuambia Jumatatu. Amevimba miguu. Sasa nimefikiria, wewe ndiye mtu mmoja tu anajua mambo ya rimu za Morris. Ukiona mtu akiuza huko mjini, mahali popote, tafadhali niambie. Za kwangu zina namba kwa ndani. KFN 412. Mzee mwenyewe alichonga."

Muchiri alisema ataangalia. Alikata simu, akakaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, na uso wake ulikuwa wa moto kana kwamba ametandikwa kofi. Hakuwa na mahali pa kujificha tena. Yeye ndiye aliyetaja geti, upande wa barabara, mita na kufuli. Wezi wenyewe wasingeandika ramani nzuri kuliko hiyo. Alijaribu namba ya Quincy, ilikuwa imezimwa. Kisha akampigia yule mjomba wa Mercedes na kumwomba, kwa maneno mafupi, aje kesho saa mbili. Mjomba alicheka sana. Muchiri alimwacha acheke hadi akachoka.

"Unaifungua kwa nini?" Waceke aliuliza alipomkuta na jeki chini ya gari lenye utepe.

"Zina mwenyewe," alisema, na Waceke, baada ya kumtazama usoni, akaanza kuufungua utepe.

Norman alimpeleka Kinoo na zile rimu kwa pikapu yake. Njia nzima ya Waiyaki Way Muchiri alikuwa akiyapanga maneno. Angesema yote. Angesimama mbele ya Selpher aseme, Sista, ni mimi niliyewaonyesha. Angetukanwa, pengine angefukuzwa, na hilo lilimpa nafuu kulifikiria. Lakini geti lilipofunguliwa na Selpher akaziona rimu nyuma ya pikapu, alizikimbilia akazishika, akatafuta kwa kidole ile namba chini ya rangi, akaipata. Akaanza kulia.

"Baba Kui. Umezitoa wapi?"

"Mjini," Muchiri alisema. "Kuna mtu alikuwa akiziuza."

Kila neno lilikuwa la kweli. Selpher alikuwa ameshamkumbatia. Alikuwa ameshamwita jirani wa ng'ambo ya ua aje aone mtu aliyeacha harusi ya mtoto wake akaenda kuwatafutia watu rimu. Jirani alisema watu kama hao hawako siku hizi. Norman alishika jeki yake akainama kwenye gari, na hakuinua kichwa hadi kazi ilipokwisha.

Ndani, Mwalimu Zedekiah alikuwa kwenye kiti chake, miguu imewekwa juu ya stuli. Ilikuwa imevimba hadi ngozi ikang'aa. Alimwonyesha Muchiri pa kukaa. Nje walimsikia Selpher akimwagiza Norman akaze nati vizuri.

"Pole, Mwalimu," Muchiri alisema.

"Nimepoa." Pumzi yake ilikuwa fupi, akawa anaongea kwa vipande. "Nimekaa hapa tangu jana. Sina kazi ila kufikiri. Mwizi alikuwa na usiku mzima. Mbwa hatuna. Gari lina rimu nne, na ya tano iko kwa buti, na buti halifungi. Kwa nini achukue mbili?"

Muchiri alitazama miguu ile.

"Ukinyang'anya mtu, unanyang'anya zote," Zedekiah aliendelea. "Aliyechukua mbili aliagizwa mbili. Na Jumanne wewe ulikuwa kwa kiti hicho hicho."

"Ni mimi," Muchiri alisema. Lilitoka jepesi kuliko alivyotarajia. "Sikumtuma aibe, Mwalimu. Nilimwelekeza mahali gari liko. Nilimwambia mpaka kufuli."

"Ulijua ataiba?"

Mtu aliyepima mashamba ya wilaya nzima alitafuta kipimo cha swali hilo, asikipate. "Nilijua kiasi," alisema. "Nilijua kiasi cha kutosha."

Zedekiah alitikisa kichwa polepole, wala hakuonekana mtu aliyekasirika. Alionekana mtu aliyechoka ambaye hesabu yake imetoka sawa.

"Nitamwambia Sista," Muchiri alisema. "Ndicho kilichonileta."

"Hapana. Hutamwambia."

"Mwalimu, siwezi kwenda nyumbani na shukrani zake."

"Ndiyo utaenda nazo." Sauti ilikuwa ndogo lakini ilikuwa ile ya darasani. "Ukimwambia, wewe utarudi Woodley umepoa roho. Mimi nitabaki na yeye hapa. Huyu mama amenibeba miaka mitatu. Kanisa lilikuja mwanzo, likachoka. Watoto wanapiga simu. Leo amepata mtu mmoja wa kumwambia asante, umemsikia vile anaita majirani? Na hiyo pia unataka kumnyang'anya?"

Muchiri alikuwa amekuja na kosa lake mkononi tayari kulitua, na sasa mwenye haki ya kulipokea amemwambia abebe tu.

Selpher aliingia akijipangusa mikono kwa kanga, akasema gari limesimama, na kwamba kama Mzee akibadilika usiku basi sasa wana namna. Muchiri akainuka aage. Lakini katika nyumba ile mgeni haondoki bila maombi, na Selpher alikuwa ameshamshika mkono wa kulia, na mkono wake mwingine umeshika wa mumewe. Zedekiah akanyoosha wake wa pili, mzito, wa baridi, akamshika Muchiri.

Selpher aliomba kwa sauti ya mtu asiye na haraka. Alimshukuru Mungu kwa Baba Kui, aliyeacha shughuli yake kwa ajili yao. Alimwombea Kui ndoa ya amani na nyumba yenye watoto. Aliuombea mwili wa Mzee uvumilie hadi Jumatatu. Kisha sauti ikateremka.

"Na yule aliyewaonyesha wezi geti letu, maana wezi hawakujileta wenyewe, Bwana, wewe unamjua. Usimpe usingizi. Mtoe hadharani watu wamwone."

Muchiri alifumbua macho. Zedekiah hakuwa ameyafumba yake, alikuwa akimtazama.

"Amina," Zedekiah alisema.

Selpher hakuuachia mkono wa Muchiri. Alikuwa bado ameinamisha kichwa, akingoja amina ya pili, kama ilivyo desturi, kabla ya kumwachia mgeni aende kwenye harusi ya mtoto wake.

"Amina," Muchiri alisema.